Wema wa Kivulini



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, wanafunzi wapenzi na wazazi wetu, mwaka huu nimeombwa niandike juu ya amali njema. Nitaanzia mbali kidogo, Japani.

Wengi wetu tunawajua Wajapani kwa barabara ya lami ya Masasi hadi Mangaka, iliyojengwa kwa msaada wa nchi yao. Mimi niliwajua kwa hisabati. Nilipokuwa kidato cha pili tulifundishwa na kijana wa Kijapani, mmoja wa wale wa kujitolea ambao wamekuwa wakija Tanzania tangu mwaka 1967. Kiswahili chake kilichechemea, lakini hakukosa kipindi hata kimoja. Siku moja nilimwuliza, "Mwalimu, 'tendo jema' kwenu mnasemaje?" Nilidhani atanipa neno moja. Akachukua daftari langu akajaza ukurasa.

Kwanza aliandika zenkoo. Lina herufi mbili: ya kwanza ni "wema", ya pili ndiyo wanayoandikia "kutenda" na pia "kwenda". Nikaelewa kuwa wema uliokaa moyoni bila kutoka bado haujawa zenkoo. Likafuata shinsetsu, ukarimu wa kila siku, kama kumwonyesha mgeni njia. Herufi yake ya kwanza ndiyo ya "mzazi", na hubeba pia maana ya ukaribu. Kisha toku, yaani fadhila za mtu. Wajapani husema toku hurundikwa, kwa kitenzi kile kile cha kupanga mizigo. Sisi tuliozoea kuona magunia ya korosho yakipangwa ghalani tulifahamu upesi.

Mwisho akaandika intoku, herufi ya "kivuli" ikitangulia ile ya toku. Ni wema ambao mwenyewe hautangazi. Na pembeni, huku akicheka, akaongeza arigata-meiwaku: wema unaomwelemea anayetendewa, hata asijue ashukuru au alalamike.

Daftari lile nililisahau. Miaka ikapita, nikawa mwalimu wa madrasa.

Katika mwaka wangu wa mwanzo alikuwapo mwanafunzi yatima aliyelelewa na bibi yake. Kanzu yake ilikuwa imechanika begani. Nikachangisha, tukamnunulia kanzu mpya, kofia na msahafu. Mpaka hapo ni kheri tupu. Lakini siku ya Maulidi, mbele ya wazee, kina mama na watoto wenzake, nilimwita mbele, nikaeleza dhiki ya nyumbani kwao, nikamkabidhi, tukapigwa picha. Watu wakatoa takbiri. Nikarudi kukaa nimejaa furaha. Leo najua furaha ile haikuwa ya mtoto.

Jumatatu hakuja. Wiki ya pili hakuja. Nikaenda kwao. Bibi akanitandikia mkeka, akaniletea maji, kisha akasema kwa upole:

"Ustadhi, kanzu tumeipokea, Mungu akulipe. Lakini wenzake sasa wanamwita Kanzu ya Mchango. Ungeniletea mimi usiku, ningemwambia nimemnunulia mimi bibi yake."

Kanzu ilikuwa juu ya sanduku, imekunjwa vizuri. Haikuvaliwa tena.

Niliporudi njiani, maneno mawili ya daftari yalinijia. Nilipaswa kutenda intoku, nami nikatenda arigata-meiwaku. Na kwa kweli sikuhitaji kufika Japani kulijua hilo. Suratul-Baqara, aya ya 264, inatuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimango na udhia. Na aya ya 271 inaeleza kuwa kutoa hadharani ni vizuri, ila kuwapa mafakiri kwa siri ni bora zaidi. Hadithi ya watu saba watakaopata kivuli cha Allah Siku ya Kiyama inamtaja mwenye kuficha sadaka yake hata mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Haya nilikuwa nikiyasomesha. Sikuyaona mpaka neno la ugenini liliponishika mkono. Ndiyo maana Suratur-Rum, aya ya 22, inazitaja tofauti za lugha zetu kuwa ni katika ishara za Allah.

Wajapani wana methali isemayo kuwa mwenye wema wa siri hupata malipo ya dhahiri. Nasi twasema wema hauozi. Lakini Muislamu hatendi kwa kungoja malipo ya watu. Huitakasa nia yake kwa Allah peke yake, ndiyo ikhlasi.

Nilimwomba msamaha mtoto yule, sisi wawili tu. Akanisamehe, akarudi darasani baada ya Ramadhani, na kanzu yake ya zamani, bega limeshonwa na bibi. Sasa ni mtu mzima na yuko mbali. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya alisema, "Andika, Ustadhi, ila jina liache." Nimeliacha.

Tangu siku hiyo, ninapopata cha kumpa mwanafunzi, hukipeleka kwa mzazi wake baada ya Isha, bila picha.

Nanyi wanafunzi wangu, ninawapa kazi ya nyumbani. Kila mmoja atende jambo moja jema mwezi huu. Msije mkaniambia ni lipi.

Wabillahi tawfiq.