Mizani ya Mpwa Wangu

Baba yangu alikuwa na vidole vitatu tu katika mkono wa kushoto. Viwili vilibaki porini, upande wa bonde la Rukwa, siku gobore lake lilipopasuka. Alikuwa akipima baruti kwa kiganja, kama alivyofundishwa, na siku ile kiganja kilijaa kupita kiasi. Sisi watoto tuliuzoea mkono ule hata tukaacha kuuona.

Niliukumbuka mwaka juzi, mpwa wangu alipokuja kwangu Sumbawanga na kisanduku cha mbao. Yeye ana gobore lenye kibali, la kulindia shamba dhidi ya nguruwe pori. Ndani ya kisanduku mlikuwa na mizani ndogo ya kupimia baruti, ya mitumba, kitanga kimebonyea na mtange umepinda.

"Shikamoo, mjomba. Nimeipata kwa bei ya kutupa. Fundi saa anataka mara tatu ya bei hiyo ili aitengeneze. Nimpe?"

Nakiri kwamba moyo wangu ulikwisha kusema ndiyo. Nilifundisha fizikia miaka mingi, na kifaa cha zamani hunitia udhaifu. Tena sisi ni wajukuu wa wahunzi. Wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo. Kilipotoka kichafu hawakukitupa, walikisafisha tena katika tanuru dogo, ndipo wakafua jembe. Basi nikasema tuipime kwanza mizani yenyewe.

Tulifunga dirisha, maana upepo wa Julai huku juu, karibu mita 1800 kutoka usawa wa bahari, hausubiri kualikwa. Tukaiweka juu ya meza iliyonyooka, tukazungusha skrubu ya mguuni mpaka mshale ukasimama kwenye sifuri. Kitanga kilichobonyea hakikutusumbua: uzito wake hauongezeki kwa kubonyea.

Mizani hiyo husoma kwa greni, kipimo cha Kiingereza kilichoanzia kwenye punje ya shayiri. Greni 7000 ni ratili moja. Greni moja ni kama miligramu 65. Kwa bomba la sindano tulimimina mililita 10 za maji, ambazo ni gramu 10, yaani greni 154. Mizani ikasema 151. Mpwa wangu akasikitika, lakini mimi nilikuwa bado na matumaini. Kosa la namna moja hurekebishwa.

Kisha nikampa sarafu moja, nikamwambia aipime mara kumi na kuandika kila jibu. Hapa hatukuhitaji kujua uzito wake. Tulitaka tu kuona kama mizani itakumbuka ilichosema. Haikukumbuka. Majibu yalipishana kwa zaidi ya greni mbili. Nilipochukua lenzi niliona sababu: ule ukingo mkali ambao mtange hukalia ulikuwa umemeguka, na kijiwe kimoja cha akiki kinachoubeba kilikuwa na ufa.

"Fundi alikuambia atatengeneza nini?"

"Ataunyoosha mtange, atagonga kitanga, atapaka rangi."

Yaani angetengeneza vyote vinavyoonekana. Ukingo na kijiwe vingebaki vilevile, na mizani ingerudi nyumbani iking'aa, ikiaminiwa kuliko ilivyostahili. Huo ndio uharibifu mbaya kuliko kupinda. Mizani inayodanganya daima kwa kiasi kilekile unaweza kuishi nayo, kama jirani unayemjua tabia. Inayobadili maneno kila ukiiuliza haina bei ya kuitengenezea, labda apatikane wa kubadilisha ukingo na kijiwe vyenyewe.

"Lakini mjomba, greni mbili ni kitu gani? Si vumbi tu?"

Sikumjibu kwa hesabu. Nilikwenda chumbani nikaleta picha ya babu yake, iliyopigwa siku ya arusi ya mama yake. Mzee amesimama wima, amevaa koti, anatabasamu. Mpwa wangu aliitazama kwa muda.

"Mbona ameficha mkono nyuma?"

Nilimweleza. Hakuwa amewahi kuambiwa.

Aliondoka bila kisanduku, akasema atatafuta kipimo kizima. Mizani ingali juu ya kabati langu, haijanyooshwa wala kupakwa rangi. Wageni hunishauri niitengeneze, maana ni kitu kizuri. Nawauliza swali moja: ikishatengenezwa, ni nani atakayeiamini, na ikimkosea atalipa nini?