Kufundisha ng'ambo ya mpaka: je, kunalipa?



Katika miji yetu ya migodi, kuanzia Kolwezi mpaka Kasumbalesa, kuna maneno ambayo hamkosi kuyasikia mbele ya kanisa kiisha ibada: "Fulani alivuka. Anafundisha Zambia. Banamulipa kila mwezi." Anayesikia hivyo anatikisa kichwa, anarudi nyumbani, na usiku hapati usingizi. Mimi pia nilikosa usingizi. Binti yangu wa kwanza alikuwa amemaliza masomo ya Kiingereza kwenye chuo cha ualimu, na barua ilikuwa imefika kutoka shule moja ya watu binafsi huko Kitwe. Walimtaka aanze mwezi wa kwanza, kwa sababu kule mwaka wa masomo unaanza Januari, si Septemba kama kwetu.

Shangaa pamoja nami: mtoto alisoma Kiingereza, lakini shule ile ilimwita akafundishe Kifaransa! Kiingereza kule ni lugha ya serikali, kila mwalimu anakijua. Hapa kwetu Likasi Kifaransa ndicho kila mwalimu anakijua, na Kiingereza ndicho watu wanatafuta. Hakuna anayeuza maji kando ya mto. Kwa hiyo nilimwambia: "Mama, kabla ya kujibu barua, twende tuone kwa macho." Naomba wewe msomaji usafiri pamoja nasi.

Njia ya kwenda

Tulitoka Likasi asubuhi na mapema. Mpaka Lubumbashi ni kilometa karibu 120. Pale tulibadili gari, tukashika njia ya kusini, kilometa zingine karibu 90 mpaka Kasumbalesa. Ukikaribia mpaka utaona malori yamepangana moja nyuma ya lingine, mstari ambao jicho halioni mwisho wake. Yale yanayotoka yanabeba shaba na kobalti yetu. Yale yanayoingia yanabeba mafuta, salfa ya viwanda, na unga wa mahindi. Binti yangu aliangalia, akasema: "Papa, ona. Mali yetu inatoka, bukari inaingia." Sikuwa na jibu.

Ukisha kuvuka, mambo mengi yanabadilika na mengine yanabaki palepale. Magari yanapita upande wa kushoto. Vibao vyote ni vya Kiingereza. Lakini kwenye kituo cha basi mama wauzaji wanasema Kibemba, kile kile utakachosikia katika mitaa ya Lubumbashi. Bukari wanaiita nshima, nayo ni unga ule ule. Tulipita Chililabombwe, ambayo zamani iliitwa Bancroft, kiisha Chingola, mahali pa shimo kubwa la Nchanga. Mwenye kutoka Kolwezi hatashangaa, atafikiri yuko nyumbani.

Nikamkumbusha binti yangu jambo moja ambalo vijana wa leo hawajui. Mbele ya kufunguliwa kwa migodi mikubwa ya Zambia, njia hii ilitembewa kwa upande mwingine. Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, katika mwaka 1910, nayo ilitoka kusini. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilichukua wafanyakazi wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, inchi ambayo mwaka 1964 ilipata uhuru na kuitwa Zambia. Babu zao walikuja kwetu kutafuta mshahara. Leo wajukuu wetu wanakwenda kwao. Mshahara hauna kabila, ndugu. Unahama, na watu wanaufuata.

Punje kumi mezani

Mdogo wangu anakaa Kitwe, mtaa wa Chimwemwe. Amefundisha Kifaransa huko miaka tisa. Alitupokea vizuri: "Yaya, karibu! Mulifika muzuri?" Tulikula, tukaomba, na watoto walipolala nilimwambia: "Mudogo wangu, tuambie kweli. Kazi hii inalipa, ao ni jina tu?"

Hakusema kitu. Alikwenda jikoni, akaleta punje kumi za mahindi, akazipanga juu ya meza. Akasema: "Yaya, hizi njo mushahara ya mwezi moya, ile banamwahidi binti yako. Sasa tule pamoya."

Punje tatu akazisukuma pembeni: hii ni kodi ya nyumba, chumba chenye kufungwa na chenye maji. Punje mbili: chakula. Moja: basi la kwenda shuleni na simu. Moja: umeme, makaa, sabuni, nguo ya mwalimu. Moja: karatasi. Moja: sadaka na fungu la kumi. Mezani ikabaki punje moja.

"Na nyumbani bananiomba ngapi?" binti yangu akauliza. Mdogo wangu akacheka. "Nyumbani banaomba tatu."

Kiisha akatufundisha kwamba punje yenyewe inaweza kupungua bila wewe kuigusa. Yeye analipwa kwacha. Mwaka 2013, wakati Zambia ilipotoa sufuri tatu kwenye feza yake, dola moja ilinunuliwa kwa kwacha karibu 5. Mwaka 2024, mwaka wa ukame mkubwa, ilipita kwacha 25. Mwalimu mwenye kutuma feza Congo anatuma kwa hesabu ya dola, kwa sababu minervali ya watoto kwetu mara nyingi inadaiwa kwa dola. Mshahara umepanda kidogo, dola imepanda sana. Na mwaka ule ule wa ukame maji ya Kariba yalipungua, umeme ukakatika saa nyingi kila siku, na makaa yakamla mwalimu punje nyingine.

Binti yangu akasema: "Baba mudogo, banafunzi wenzangu banasema Asia njo banalipa. Korea ya Kusini, kufundisha Kiingereza, na nyumba ya bure."

Ni kweli kwamba kule shule nyingi zinampa mwalimu wa Kiingereza nyumba. Lakini, msomaji, sikiliza vizuri, maana vijana wengi wanapotezewa feza hapa. Ruhusa ya Korea kwa mwalimu wa lugha ya Kiingereza kwa kawaida inatolewa kwa raia wa inchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Paseporti ya Congo haimo, hata ukisema Kiingereza kuliko wenyewe. Mtu akikuambia kwamba ana nafasi yako Korea, na anaomba feza ya kufungua dosie, mfungie mlango.

Hesabu ya nyumbani

Usiku ule niliona nafasi yangu. Nilichukua punje zingine, nikapanga hesabu ya Likasi. Nasema wazi: mwalimu wa kwetu ameteseka. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio walibeba mshahara wake mgongoni. Septemba 2019 serikali ilitangaza shule ya msingi kuwa bure, na ilikuwa furaha kwa wazazi wengi, lakini mwalimu ambaye jina lake halijaingia kwenye liste ya serikali alibaki kungojea, na tumbo haliwezi kungojea pamoja naye.

Hata hivyo nilipanga. Shule moja ya sekondari ya Likasi ilikuwa tayari kumpa binti yangu mshahara unaolingana na punje tatu za Kitwe. Na jioni angeweza kufundisha Kiingereza wafanyakazi wa migodi. Wewe unajua: kampuni za leo zimetoka inchi nyingi, na anayeelewa Kiingereza kidogo anapanda kazi. Watu wanalipa kwa masomo hayo. Nikaweka punje mbili. Jumla tano. Kodi ya nyumba: hakuna, anakaa kwetu. Shule iko karibu, anakwenda kwa miguu. Chakula: punje moja. Sadaka: nusu. Zinabaki tatu na nusu!

Nikainua kichwa kama mtu aliyeshinda kesi. "Unaona, mama? Kule inabaki moja. Kwetu inabaki tatu na nusu. Njo vile nilikuwa nasema."

Binti yangu alinyamaza kwa muda. Kiisha akasema polepole, bila kukosa heshima: "Papa, hesabu yako inasahau kintu moya. Mwaka uliopita nilifundisha jioni miezi sita. Ile punje ilibakia, iko wapi?"

Ndugu msomaji, nilikuwa najua iko wapi. Mwezi wa kwanza ilikwenda kwa minervali ya mdogo wake. Mwezi wa pili, matanga ya shangazi. Mwezi wa tatu, mimi mwenyewe niliomba, na sikurudisha. Sikuiba, katika jamaa tunaita hivyo kusaidiana. Lakini mtoto wa miaka ishirini na nne alifanya kazi nusu ya mwaka, na hakuweza kununua hata mashine ndogo ya kushona aliyoitamani. Nilipompangia hesabu ya nyumbani, nilipanga faida yangu na kuipa jina lake.

Mdogo wangu alitazama chini. Mimi nilisema: "Mwanangu, umesema kweli. Unisamehe." Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumwambia mtoto maneno yale.

Karatasi kwanza

Kesho yake tulikwenda shuleni. Majengo ni mazuri, watoto wana adabu. Mkubwa wa shule alitupokea kwa chai. Nilipouliza habari ya ruhusa ya kazi, alijibu: "Aanze kwanza. Karatasi tutatengeneza kiisha."

Mdogo wangu alikuwa ametuonya. Zambia ina sheria zake, na ni haki yake. Mgeni anahitaji ruhusa ya kazi kutoka ofisi ya uhamiaji. Diploma ya ng'ambo inapaswa kutambuliwa na mamlaka yao ya vyeti. Na tangu sheria ya mwaka 2013, mwalimu anapaswa kuandikishwa kwenye Baraza la Ualimu. Tena, kule pia wako walimu wengi wenye kutafuta kazi: mwaka 2022 serikali yao iliandika walimu zaidi ya 30,000 kwa mara moja, na bado wengine walibaki nje. Hawalazimiki kumvumilia mgeni asiye na karatasi.

Mwenye karatasi anaingia kwenye akiba ya uzee, inayoitwa NAPSA: yeye anatoa 5 kwa 100 ya mshahara, na mwajiri naye 5 kwa 100. Asiye na karatasi hana akiba, hana wa kumlilia akikosa mshahara, na akiona polisi anageuza njia. Huyo hata akipewa punje kumi na tano, anakula kwa woga.

Binti yangu mwenyewe ndiye aliyejibu, kwa Kiingereza chake kizuri. Alishukuru, akasema atakuja siku karatasi zitakapokuwa tayari. Tulirudi Likasi mikono mitupu. Kwenye basi alilia kidogo, nami nilijifanya kuangalia malori.

Ninachowaambia

Mwaka ule alifundisha nyumbani, mchana shuleni, jioni wafanyakazi wa migodi. Lakini tulifanya agano mezani, mama yake akiwa shahidi: punje moja ni ya jamaa, na hakuna anayeomba ya pili. Punje moja ni yake, haiguswi, hata na matanga. Mara mbili nilijaribiwa kuomba. Mara mbili mama yake alikohoa tu, nikanyamaza.

Mwaka uliofuata shule nyingine, ya Ndola, ilimtengenezea karatasi zote mbele ya kuvuka. Sasa yuko kule mwaka wa pili. Sikuambii kwamba amekuwa tajiri. Anakaa na mwalimu mwenzake kupunguza kodi, anatuma punje moja, anaweka moja. Anasema akifika miaka mitano atarudi kufungua masomo ya jioni Likasi, kwa sababu Kiingereza cha Zambia kitauzwa vizuri kwetu. Mungu akipenda.

Basi, kufundisha ng'ambo kunalipa? Kunalipa kwa mwenye karatasi, mwenye kujua kodi ya nyumba mbele ya kusaini, na mwenye jamaa inayojua kiasi. Bwana Yesu alisema habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anakaa kwanza kuhesabu gharama (Luka 14:28). Wewe kijana, hesabu kile kinachobaki, usihesabu kile kinachotajwa. Na sisi wazazi, kabla ya kumlaumu mtoto anayetaka kuvuka, tujiulize: hapa nyumbani tulimwachia nini mkononi?

Maswali ya kuzungumza katika jamaa

1. Nyumbani kwetu, mtoto anayefanya kazi anabaki na punje ngapi?
2. Kama mmoja wetu yuko ng'ambo, je, tunajua kodi yake ya nyumba ni kiasi gani?
3. Ni ujuzi gani wa kwetu ambao tunaudharau kwa sababu kila mtu anao, na mahali pengine unatafutwa?