Tulivunja Jungu Málaga

Mwaka 2015 Ramadhani iliingia katikati ya Juni. Kwa sisi tuliokuwa tukisoma Köln, Ujerumani, hiyo ilikuwa habari nzito, maana Juni ndio mwezi wenye mchana mrefu kuliko yote kule, na magharibi huingia yapata saa nne kasorobo ya usiku. Bwenini Waislamu walikwisha kuanza kupangiana zamu za kupika daku. Zuhura, mwenzangu kutoka Unguja, alikuwa na lake moyoni. Alinijia chumbani mvua inanyesha, akaketi kitandani, akavua soksi zake zilizolowa na kusema, "Shoga, mimi sijapata kuingia Ramadhani bila kuvunja jungu."

Kwao, siku za mwisho za Shaabani watu hubeba masufuria na mikeka wakaenda shamba au ufukweni. Hupika, hula, huoga bahari, na jua likizama ndipo hurudi mjini. Kwetu Lamu nako jungu huvunjwa. Köln ina mto mkubwa na mzuri, lakini mto si bahari, na mtu wa pwani akikaa miezi mingi bila kuona maji yasiyo na ng'ambo, huanza kuumwa na kitu ambacho daktari hakioni. Zuhura alikuwa ameumwa hivyo tangu majira ya baridi. Alikuwa hacheki tena. Kwa hiyo aliponionyesha tiketi za ndege za Málaga, kusini mwa Hispania, za kwenda Ijumaa jioni na kurudi Jumapili usiku, kwa bei iliyo chini ya jozi ya viatu vya baridi, sikuuliza mara mbili.

Msomaji mwenye pasipoti kama zetu atataka kujua habari ya viza. Hatukuhitaji. Kadi ya ukaazi ya Ujerumani inaruhusu matembezi mafupi Hispania, na tiketi ya muhula ya chuo ilitufikisha uwanja wa ndege bila nauli. Tulichanga yuro sitini kila mtu kwa malazi, chakula na mabasi. Zuhura akawa mshika fedha; alizifunga pindoni mwa kanga, akaikunja kanga ndani ya begi dogo la mkononi, maana begi kubwa lilikuwa na bei yake.

Alikuwa na sababu nyingine ya kuchagua mji ule, na sababu hiyo ndiyo iliyoifanya safari yetu kuwa vile ilivyokuwa. Alikuwa akisoma historia, na muhula ule walikuwa wakisoma safari za Ibn Battuta. Msafiri huyo wa Tanja alishuka Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja, kisha akaendelea hadi Kilwa. Yapata miaka ishirini baadaye alivuka kutoka Moroko kwenda Andalusia na akafika Málaga. Kwetu aliandika juu ya watu wanaokula ndizi na samaki, na misikiti ya mbao yenye kisima mlangoni, mtu aoshe miguu kabla hajaingia. Kule aliandika juu ya zabibu za bei rahisi sokoni, komamanga nyekundu, tini na lozi zinazosafirishwa nchi za mbali, na vyombo vya udongo vinavyong'ara dhahabu. "Huyu mzee kafika kwetu na kafika kwao," Zuhura aliniambia ndani ya ndege. "Sisi tumefika kwetu tu."

Treni ya kutoka uwanja wa ndege hadi katikati ya mji haikufika yuro mbili. Tulitoka chini ya ardhi tukapokelewa na joto la usiku, lile joto linalomkaa mtu mwilini bila kumsumbua, na familia nzima zimekaa nje na watoto wadogo usiku ule mkubwa. Malazi yetu yalikuwa chumba cha wanawake chenye vitanda vya juu na chini, hatua chache kutoka uwanja wa Plaza de la Merced, alikozaliwa mchoraji Picasso mwaka 1881. Chumba kilikuwa safi na jiko lilikuwa la wote. Hatukuhitaji zaidi.

Jumamosi asubuhi tulikwenda soko la Atarazanas. Jengo la sasa ni la chuma, la karne ya kumi na tisa, lakini mlango wake mkuu ni wa marumaru na una tao la umbo la kwato ya farasi. Ulijengwa katika karne ya kumi na nne, enzi za wafalme Waislamu wa Granada, na wakati huo hapakuwa soko. Palikuwa mahali pa kuundia meli, na bahari ilifika pale pale. Leo imesogea mbali hata huioni. Juu ya tao kuna ngao zilizochongwa maandishi ya Kiarabu. Zuhura, aliyelelewa katika chuo cha Kurani cha babu yake, aliinua kichwa akayasoma kwa sauti: hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Wanawake wawili waliopita na vikapu walisimama kumtazama. Mmoja aliyaonyesha maandishi kwa kidole, kisha akamwonyesha Zuhura, akataka asome tena. Akasoma tena. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, mkono kifuani.

Tulinunua mkate, nyanya, zeituni zilizopasuliwa na kutiwa kitunguu saumu, na aprikoti zilizoiva mno ambazo muuzaji alitupunguzia bei. Nyama hatukununua, kwa kuwa ya halali hatukujua ilipo, na samaki walikuwa wametandazwa juu ya barafu kwa wingi ule wa kumfanya mtu wa Lamu aanze kuwaita majina: pweza, ngisi, kamba, na vidagaa vyembamba vya rangi ya fedha ambavyo watu wa Málaga huvipenda kiasi kwamba wao wenyewe huitwa kwa jina hilo, boquerones.

Kanisa kuu la mji lina mnara mmoja, wa pili haukumalizwa; ujenzi ulisimama mwaka 1782. Watalii huupiga picha mnara. Sisi tulikwenda ubavuni, kwenye michungwa. Palipojengwa kanisa ndipo ulipokuwa msikiti mkuu, ule ambao Ibn Battuta aliusifu kwa ua wake na michungwa yake mirefu. Zuhura alinisimulia, tumekaa kivulini, kwamba mgeni yule alipoingia msikitini alimkuta kadhi wa mji na mafakihi wakichangisha fedha za kuwakomboa watu waliotekwa na maadui pwani ya karibu. Kisha akanyamaza. Mwaka 1487 mji wenyewe ulizingirwa na jeshi la Ferdinand na Isabella, na ulipoanguka mwezi wa Agosti wakazi wake wengi walifanywa watumwa. Safari hiyo hapakuwa na kadhi wa kuchangisha.

Zuhura amekulia jirani na Mkunazini, Unguja, ambako kanisa la Anglikana lilijengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Anajua kuishi karibu na ardhi ya namna hiyo. Alisoma Fatiha kwa sauti ya chini, nami nikaitikia amina, na sioni kama kuna jambo jema zaidi tulilolifanya katika mji ule.

Alasiri tulipanda basi namba 11 kwenda Pedregalejo, mtaa wa wavuvi wa zamani upande wa mashariki. Hapa nataka kukaa kidogo. Wengi huja Málaga kwa ajili ya vitanda vya ufukweni na maduka, na wana haki yao, lakini nadhani wanaukosa mji. Málaga iko mikononi mwa wachoma samaki.

Mchangani kuna mashua kuukuu zilizojazwa mchanga hadi juu, na juu ya mchanga huo unawaka moto wa kuni za mzeituni. Kila mgahawa una mashua yake na mchomaji wake. Wetu alikuwa mzee mwembamba, nyusi zimebabuka kwa moto. Alichukua sadini mbichi, sita, akawachoma mmoja mmoja kwa kijiti cha tete kilichochongwa bapa, akipitisha ncha chini kidogo ya uti wa mgongo ili samaki asivunjike na kuanguka. Akawanyunyizia chumvi ya mawe. Kisha akakichomeka kijiti mchangani, kimesimama, kimeinamia moto bila kuwa juu yake. Kabla ya hapo alikuwa ametema mate kidoleni na kukiinua hewani. Moto huwekwa kwa kufuata upepo, ili moshi uende upande wake na samaki wapate joto tupu. Mafuta yalipoanza kutiririka tumboni mwa samaki alikigeuza kijiti mara moja tu, na hakukigusa tena mpaka alipokitoa.

Sisi sote wawili tulikuwa tunawajua sadini wa kopo la dukani, wenye mchuzi wa nyanya. Hawa walikuwa kitu kingine. Ngozi ilikuwa kavu na ina chumvi, nyama ndani laini, na waliliwa kwa vidole. Tulikula kijiti kimoja kila mtu pamoja na mkate wetu wa asubuhi, na Zuhura akafungua pindo la kanga akaagiza vingine bila kuniuliza. Alikuwa anacheka. Samaki mdomoni, kidevu kinang'aa mafuta, anacheka kicheko chake cha Unguja ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya theluji.

Tuliposhuka kuosha mikono baharini, tuliwakuta vijana wanavuta mashua ndefu kuiingiza majini. Zinaitwa jábega. Zamani zilitumika kuzungushia nyavu baharini, kisha watu wakauvuta wavu kutoka ufukweni, kazi ile ile ya wenye juya kwetu. Siku hizi hushindanishwa kwa makasia. Mashua ile ilipakwa rangi nyeupe na buluu, na kwenye omo, kila upande, palichorwa jicho.

Nilisimama. Ami yangu ni fundi wa vyombo kijijini Matondoni, na tangu nina akili zangu nimeona macho yakitiwa kwenye omo za majahazi, duara la ubao lililopakwa rangi, moja kulia na moja kushoto. Nilitoa simu nikatafuta picha ya jahazi aliyoiunda, nikampa kijana aliyekuwa karibu. Aliitazama, akaikuza kwa vidole mpaka jicho likajaa kioo chote, akawaita wenzake. Wakazunguka simu, maji yanawapiga magotini. Mzee mmoja, nadhani mwalimu wao, alinyoosha vidole viwili kutoka machoni pake kuelekea baharini, kisha akapiga omo ya mashua kwa kiganja. Nami nikafanya ishara hiyo hiyo. Hakuna aliyekuwa na lugha ya mwenzake, na hakuna aliyebaki bila kuelewa. Walitupandisha, wakatukalisha tezi, wakatuzungusha mpaka karibu na gati na kuturudisha. Bahari ile ni baridi kwa mtu wa Bahari ya Hindi. Zuhura alitia mkono majini na hakuutoa njia nzima.

Usiku mjini tulimkuta mtu amevaa shati jeupe na mshipi mwekundu, mkononi ana bapa la mpungate lililochomekwa maua ya mviringo. Ni asumini. Huchumwa mchana zikiwa bado tumba, kila tumba huvikwa kwenye ncha ya kijiti cha mmea mkavu, na jioni hufunguka zote pamoja, shada likawa duara jeupe. Wanaliita biznaga. Zuhura alinusa akafumba macho. "Ingekuwa na rehani kidogo," akasema, "ningesema ni kikuba cha mama." Alinunua moja. Chumbani aliiweka juu ya dirisha, na wasichana wengine wa chumba kile, Mpolandi na Waitaliano, wakaamka asubuhi wakiuliza harufu hiyo inatoka wapi.

Jumapili, baada ya saa nane mchana, kuingia ngome ya Alcazaba ni bure. Tulingoja saa hiyo chini ya ngome, kwenye ukumbi wa michezo wa Warumi uliofukuliwa tangu mwaka 1951. Ngome yenyewe ni ya karne ya kumi na moja, na walioijenga walichukua nguzo za Warumi wakazitia kwenye malango yao. Njia ya kupanda inapinda mara kwa mara, na kila lango halitazamani na linalofuata. Katika nyumba za zamani za Lamu nako mlango na daka hupindwa, ili apitaye njiani asiuone ua wa ndani. Ngome ilipinda kwa ajili ya maadui, sisi tunapinda kwa ajili ya stara, lakini miguu yangu iliizoea njia ile mara moja. Juu kuna nyua ndogo zenye mifereji ya maji sakafuni, na bandari nzima chini yako. Tulikaa hapo mpaka saa ya treni ikatukaribia.

Ramadhani ilianza Alhamisi iliyofuata. Pindoni mwa kanga zilikuwa zimebaki yuro nne na senti kadhaa, na Zuhura alizipeleka zote kwa muuza samaki wa Kituruki aliye mtaani kwetu, akarudi na sadini. Tete hatukuwa nazo, wala moto. Tuliwatia chumvi ya mawe tukawapanga kwenye tanuri ya jiko la bweni, na kabla ya magharibi harufu ilikuwa imefika ghorofa ya tatu. Akaja Msenegali na tende, wakaja Wamoroko wawili na supu, akaja jirani yetu Mjerumani asiyefunga na kiti chake mwenyewe, maana viti vilikuwa vimekwisha. Zuhura alisimama mlangoni anagawa samaki na kuwasimulia wote, kwa Kijerumani chake cha haraka, habari za mzee wa Tanja aliyelala usiku mmoja Mombasa.