Namba Niliyoilazimisha

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wa sekondari jambo lisilo kweli, na nililifundisha kwa furaha. Niliwaambia kuwa uzuri una namba yake, uwiano wa dhahabu, takribani 1.618, na kwamba Leonardo da Vinci aliutumia kuupanga uso wa Mona Lisa. Nilitaka wasiiogope hisabati. Mistatili niliichora mwenyewe juu ya picha, na darasa zima lilinyamaza kuitazama.

Hilo huenda lingesameheka. Linaloniuma ni lililofuata. Niliwaagiza walete vitu vizuri vya nyumbani tuvipime. Binti mmoja akaleta kanga ya mama yake, akaitandaza mezani na kuipima kwa futi kamba: sentimita 150 kwa 110. Akagawanya, akapata 1.36. Nikamwambia apime mji, ile sehemu ya katikati, peke yake. Haikutoka. Nikamwambia basi achukue urefu wote, ila kwenye upana aliache pindo la upande mmoja. Hapo ikakaribia 1.61, nikampa vema. Alikuwa amepima sawasawa tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyemfunza kukikana kipimo chake hadi kikubaliane na mwalimu.

Baadaye nilisoma nilichopaswa kukisoma mapema. Mwaka 1509, huko Venice, mwanahisabati Luca Pacioli alichapisha kitabu kuhusu uwiano huo, na Leonardo ndiye aliyekichorea maumbo ya pande nyingi. Lakini Pacioli huyo huyo, alipofika kwenye majengo na mwili wa mtu, alifuata vipimo vya Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, vya namba nzima za kawaida. Ubao wa Mona Lisa wenyewe una sentimita 77 kwa 53, yaani 1.45. Imani kwamba uwiano huu unatawala sanaa na maumbile ilienezwa hasa na Mjerumani Adolf Zeising kuanzia 1854. Ukijipa uhuru wa kuchagua kipimo kianzie wapi na kiishie wapi, namba unayoitafuta utaipata popote.

Na hisabati ya kweli ilikuwa pale pale mezani! Michoro yote inayojirudia kwenye mstari mmoja, kama ya pindo, ina aina 7 tu za ulinganifu, na hilo limethibitishwa. Ningeweza kumwuliza: ukilizungusha pindo hili nusu mzunguko, linabaki lile lile? Korosho iliyoinama iliyochorwa hapa haina mstari wa kioo ndani yake, mbona zikikaa mbili zinazotazamana mstari huo unapatikana? Na kwenye kona, mchoro umegeuzwaje hata usikatike? Haya hayahitaji kulazimisha chochote, na kila jibu mtoto analihakiki kwa mikono yake.

Siku hizi naanza na pindo. Ila baadhi ya niliowafundisha zamani ni walimu sasa, na najua picha ile ya mistatili wameingia nayo madarasani. Nawaomba waitoe. Na mwanafunzi akileta 1.36, waiandike ubaoni kama alivyoipata.