Dawa ya Kupunguza Damu

Damu nzito kuliko maji, husema Waswahili, na wasemapo hivyo huwa wanasemea udugu. Sikuwahi kudhani kwamba siku moja uzito wa damu ungenijia kwa maana yake ya kimsingi, nimesimama mlangoni mwa wadi, simu sikioni, nikimfasiria shangazi yangu maneno ya daktari.

Ilikuwa Agosti 2021. Ugonjwa wa UVIKO-19, au korona kama tulivyozoea kuuita, ulikuwa umeingia nchini Kenya Machi 2020, na sasa wimbi jipya lilikuwa limeifikia nyumba yetu huko Kilifi. Shangazi alilazwa akiwa anapumua kwa msaada wa oksijeni. Jamaa mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kukaribia, na ukoo ukanichagua mimi kwa hoja kwamba nilikuwa nikisomea Kiswahili chuoni. Nani angefaa zaidi kuwa mkalimani?

Daktari, kijana aliyetoka bara, alinieleza kwa Kiingereza kwamba wagonjwa wa aina hii huweza kupatwa na mabonge ya damu mishipani, na kwa hiyo shangazi angedungwa kila siku sindano ya dawa ambayo jina lake la mazoea katika Kiingereza husema kwamba huifanya damu iwe nyembamba. Nami, bila kusita, nikamwambia shangazi kwa simu: "Watakupa dawa ya kupunguza damu."

Kimya. Kisha sauti yake, kwa shida, baina ya pumzi na pumzi: "Damu yangu yenyewe hii haba, mwanangu, na bado mwataka kuipunguza?"

Shangazi hakuwa mjinga. Alipojifungua kitindamimba wake alipungukiwa na damu akanusurika kwa chupa mbili za kuongezewa. Katika Kiswahili chake, na changu pia, kupungua kwa damu ni maradhi, hayawi dawa. Alikataa sindano siku hiyo na siku ya pili. Binamu yangu mmoja aliunga mkono msimamo huo kwa sababu nyingine. Alikuwa amepokea ujumbe uliozagaa tangu 2020 uliodai kwamba korona si lolote ila damu kuganda, na kwamba aspirini yatosha kuitibu. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Uingereza na kutangazwa mwaka huo wa 2021, ukiwahusisha wagonjwa karibu 15,000 waliolazwa, ulikuwa umeonyesha kuwa aspirini haikupunguza vifo vyao. Lakini uongo uliosemwa kwa Kiswahili fasaha ulimfikia binamu yangu kabla ya ukweli.

Niruhusiwe kueleza hapa jambo ambalo ningelieleza pale mlangoni. Mwaka 1856 tabibu Mjerumani, Rudolf Virchow, aliandika juu ya mabonge ya damu, na mafunzo ya tiba yamerithi kwake wazo la sababu tatu: damu kutuama, ukuta wa ndani wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kubadilika ikawa nyepesi kuganda. Korona kali huzileta zote tatu pamoja. Mgonjwa amelala hajongei. Virusi na uvimbe uletwao na mapambano ya mwili huudhuru ukuta wa mshipa. Na protini zinazoigandisha damu huzidi kiwango. Bonge likifanyika mguuni laweza kung'oka na kusafiri hadi kwenye pafu, ambalo tayari limelemewa.

Sindano aliyoikataa shangazi ilikuwa ya jamii ya heparini, dawa iliyoanza kugunduliwa mwaka 1916 huko Baltimore, Marekani, na ikapewa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ini. Hudungwa chini ya ngozi ya tumbo. Haipunguzi hata tone moja la damu, wala haiifanyi iwe majimaji. Huipa nguvu protini ya mwilini ambayo kazi yake ni kuzuia mgando. Hata bonge lililokwisha kufanyika haliyeyushi. Hulizuia lisikue, nao mwili ukaliyeyusha wenyewe polepole. Hatari yake ni mgonjwa kuvuja damu, ndiyo maana kipimo hubishaniwa. Majaribio yaliyochapishwa Agosti ile ile yalionyesha kwamba kipimo kikubwa kiliwafaa wagonjwa waliolazwa katika wadi za kawaida, lakini hakikuwafaa waliokwisha kufika chumba cha wagonjwa mahututi.

Aliyeuvunja ukaidi wa shangazi ni muuguzi wa zamu ya usiku, mama wa pale pale Kilifi. Alimwambia: "Bibi, hatuitoi damu yako wala hatuipunguzi. Twaizuia isigande mishipani kama maziwa kibuyuni." Shangazi, aliyeuza maziwa ya mgando miaka mingi, akafunua tumbo. Neno *kuganda* lilikuwa mdomoni mwangu tangu utotoni, lakini nililipita nikaufuata umbo wa Kiingereza. Darasani hukuita huko tafsiri sisisi, na mwaka ule ule nilikuwa nimeujibu mtihani juu yake nikapasi.

Siku ya nne mguu wake wa kushoto ulivimba. Picha ilithibitisha bonge. Je, lilifanyika katika siku zile mbili? Wapo wagonjwa waliodungwa tangu siku ya kwanza na wakapatwa vile vile, daktari aliniambia, nami nilishukuru kwa kuambiwa hivyo bila kufarijika. Kipimo cha sindano kikaongezwa, na baada ya wiki tatu akatoka hospitalini na vidonge vya warfarini vya miezi mitatu.

Nilidhani neno langu limebaki wadini. Kumbe lilitangulia nyumbani. Majirani walikuwa wamesikia kwamba Bi mkubwa anapewa dawa ya kupunguza damu, na kwa huruma wakaja na vya kuiongeza: mchicha, kisamvu, maini, sahani juu ya sahani. Warfarini hufanya kazi kwa kuizuia vitamini K, na mboga za kijani zina vitamini hiyo tele. Kipimo cha ugandaji wa damu, ambacho kwake kilitakiwa kuwa kati ya 2 na 3, kilirudi 1.3. Dawa ilikuwa ikimezwa kila jioni na kushindwa kila adhuhuri. Mwuguzi wa kliniki hakumkataza mboga. Alimwomba tu asizidishe leo na kupunguza kesho, ale kiasi kile kile. Mimi nilipita nyumba kwa nyumba, saba kwa jumla, nikiwaambia wale kina mama kwamba nilikosea kusema. Mmoja aliniuliza chuoni tunafundishwa nini.

Shangazi anaishi. Mguu humvimba akisimama sana, na vidonge aliviacha zamani kwa ruhusa ya daktari. Sasa naandika tasnifu ya uzamili juu ya riwaya, si juu ya istilahi za tiba, na kila nimpigiapo simu kumjulia hali huitika kwanza kwa kicheko: "Haya, mpunguza damu, watuambiaje leo?"