Kosa la herufi moja

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wengine mmeniuliza sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata iko wapi. Itakuja, nawaahidi. Leo niruhusuni niende kando kidogo. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu niliporudi kutoka nyumbani Kisumu mwezi uliopita, na nimegundua kwamba linahusu kazi yetu ya kuandika programu kuliko nilivyodhani.

Nina mdogo wangu wa kiume ambaye ana ugonjwa wa selimundu. Mapema mwaka huu nilimwandikia programu ndogo, mistari kama arobaini hivi. Kazi yake ilikuwa moja: kila baada ya saa mbili imtumie ujumbe kwenye simu, "Kunywa maji." Nilijivunia sana. Siku ya tatu akaizuia namba. Nilipompigia akacheka: "Ndugu yangu, mimi si seva. Huwezi kunibishia hodi kila saa mbili kuona kama bado niko hewani."

Nilicheka pia. Baada ya kukata simu ndipo nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza miaka mingi iliyopita: kwani kwa nini maji? Mama yetu amekuwa akiimba wimbo ule ule tangu tukiwa watoto. Kunywa maji, vaa sweta, usikimbie sana. Nilizijua amri, sikujua sababu. Na nyinyi mnajua mtu anayenakili amri asizozielewa na kuziendesha kwenye mashine huishia wapi.

Basi nikaanza kusoma. Biolojia niliiacha Kidato cha Nne, kwa hiyo nilianza chini kabisa, na nitawapitisha njia ile ile.

Tuanze na sahani. Ugali na omena, chakula cha jioni cha nyumba nyingi kando ya ziwa letu. Ugali ni wanga, na wanga ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo vya sukari iitwayo glukosi, vimeunganishwa kimoja baada ya kingine kama shanga. Sasa nenda ufukwe wa Dunga, uangalie mafunjo yanayosimama majini, yale wanayofumia mikeka. Kinachoyapa nguvu ni selulosi, na selulosi nayo ni mnyororo wa glukosi. Shanga ni zile zile! Tofauti iko kwenye kiungo tu: katika wanga shanga moja hushikana na nyingine kwa pembe hii, katika selulosi kwa pembe nyingine. Kwa tofauti hiyo ndogo, mnyororo mmoja unashibisha watoto na mwingine unafumwa mkeka. Hakuna aliyewahi kushiba mkeka.

Hilo ndilo somo la kwanza la molekuli kubwa za mwili: umbo ndilo linaloamua kazi.

Omena wanatuletea protini. Protini nayo ni mnyororo, ila shanga zake ni za aina 20 na zinaitwa asidi amino. Mnyororo ukishaundwa haubaki umenyooka. Unajikunja wenyewe, kwa sababu baadhi ya shanga hupenda maji na nyingine huyakimbia kama mafuta. Zinazoyakimbia hujificha ndani, zinazoyapenda hukaa nje. Mpangilio wa shanga zote umeandikwa kwenye DNA, kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Herufi tatu hufanya neno moja, na neno moja huita shanga moja. Nilipofika hapa nilihisi niko nyumbani. Huu ni msimbo.

Sasa tuje kwenye damu. Ndani ya kila seli nyekundu mna molekuli kama milioni 270 za himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Himoglobini moja ya mtu mzima ina minyororo minne: miwili ya aina ya alfa yenye shanga 141 kila mmoja, na miwili ya aina ya beta yenye shanga 146 kila mmoja. Jumla 574. Kila mnyororo umekumbatia chembe moja ya chuma, na kila chembe ya chuma inabeba molekuli moja ya oksijeni.

Katika damu ya mdogo wangu, maelekezo ya mnyororo wa beta yana kosa kwenye neno la sita. Pameandikwa GTG mahali pa GAG. Herufi moja, A imekuwa T. (Watu wa kompyuta mtafurahi kusikia kwamba hata wanasayansi hawa hawakubaliani pa kuanzia kuhesabu. Wengine huita nafasi hiyo ya 6, wengine ya 7, kutegemea kama unaihesabu shanga ya kuanzia ambayo baadaye hukatwa. Kumbe si sisi peke yetu tunaopotea kwa moja!)

GAG inaita asidi glutamiki, shanga yenye chaji ya umeme na inayopenda maji. GTG inaita valini, ambayo ni kama tone la mafuta. Na nafasi hii ya sita iko nje ya molekuli, pale panapoguswa na kila jirani.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walipitisha umeme kwenye himoglobini ya wagonjwa na ya watu wazima wa afya, wakaona zinatembea kwa kasi tofauti. Wakatangaza kwamba selimundu ni ugonjwa wa molekuli. Vernon Ingram, akiwa Cambridge, ndiye aliyeonyesha mwaka 1957 kwamba tofauti yote ni hiyo shanga moja.

Je, shanga moja katika 146 inaleta shida gani? Hapa ndipo nilipopata jibu la maji.

Himoglobini ikiwa na oksijeni, hakuna tatizo. Ikifika kwenye misuli na viungo inaachia oksijeni, na ikiachia inabadilika umbo kidogo. Katika umbo hilo jipya hufunguka kijishimo chenye mafuta mafuta, na ile valini ya jirani inaingia humo sawasawa, kama ufunguo ulioundiwa kufuli. Molekuli moja inamshika jirani, jirani naye anamshika mwingine, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu, kila uzi ukiwa na nyuzi ndogo 14 zilizosokotwa kama kamba. Kamba hizo zinaisukuma seli kutoka ndani mpaka inapinda kama mundu. Seli iliyopinda ni ngumu, inakwama kwenye mishipa midogo, na nyama iliyo mbele yake inakosa hewa. Hayo ndiyo maumivu.

Lakini nyuzi hazijitokezi papo hapo. Kuna muda wa kusubiri kati ya kuachia oksijeni na kamba kuanza kukua. Seli ikiwahi kurudi kwenye mapafu kabla ya muda huo kwisha, inachukua oksijeni tena na hakuna kilichotokea. Ni mbio kati ya kazi mbili zinazoendeshwa kwa pamoja, jambo ambalo kila mwandishi wa programu amelilia usiku. Na muda huo wa kusubiri unategemea sana sana ukolezi wa himoglobini ndani ya seli. Mwili ukikauka, seli inapoteza maji, himoglobini zinasongamana, na muda unafupika. Baridi nayo inabana mishipa, damu inachelewa kurudi. Kukimbia sana kunamaliza oksijeni haraka.

Kunywa maji, vaa sweta, usikimbie sana. Mama hakuwahi kusoma mambo ya protini, lakini orodha yake ni sahihi mstari kwa mstari.

Niliposoma hayo usiku ule nilifunga kompyuta nikakaa. Nilikumbuka siku moja nikiwa na miaka 10, yeye akiwa na 7. Tulitoroka asubuhi na wavulana wa mtaani kwenda kuogelea Dunga. Kulikuwa na baridi ya mwezi wa saba. Yeye alisema amechoka, atatungoja ufukweni. Nikamwita mvivu mbele ya wenzangu mpaka akaingia majini. Usiku alilia kwa sauti ambayo bado naisikia, akishika miguu. Zahanati moja ya mtaani ilisema ni malaria, kisha ikasema ni baridi yabisi. Majirani walinong'ona habari za chira, kwamba kuna mwiko umevunjwa nyumbani kwetu. Mwaka uliofuata ndipo alipopimwa damu katika hospitali kubwa tukajua jina la ugonjwa.

Hatukuwa tumevunja mwiko wowote. Baba na Mama kila mmoja ana nakala moja nzima na nakala moja yenye kosa. Watu kama hao huitwa AS, na wengi huishi bila kujua. Kila mimba ni kama kurusha sarafu mbili: robo ya uwezekano mtoto awe AA, nusu awe AS, robo awe SS. Na sarafu hazikumbuki zilivyoanguka mara iliyopita. Sisi tulizaliwa watatu. Dada yetu ni AA, mimi ni AS, mdogo wetu ni SS.

Sasa sikilizeni sehemu inayonisumbua zaidi. Sisi watu wa kompyuta tukiona kosa la herufi moja tunalisahihisha, basi. Nikajiuliza, kosa baya hivi limewezaje kuishi vizazi vyote hivi, tena kwa wingi huku kwetu?

Jibu lilipatikana hapa hapa. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini akakulia Kenya. Mwaka 1949 alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford, akapima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Karibu na ziwa na pwani alikuta wabebaji zaidi ya 20 katika kila watu 100. Nyanda za juu, kwenye baridi na mbu wachache, hakukuta karibu mtu. Akashuku malaria. Mwaka 1954 alichapisha jaribio la wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea kuambukizwa malaria. Kati ya 15 wasio na herufi ile, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 wabebaji, wawili tu. (Leo kamati ya maadili ingekuwa na maswali mengi.) Miaka mingi baadaye, watoto wa Asembo, upande wa Siaya, walifuatiliwa tangu kuzaliwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba wabebaji walikufa wachache zaidi katika ile miezi ya utotoni ambayo malaria huua sana.

Mojawapo ya sababu ni ile ile kamba. Kimelea kikiwa ndani ya seli ya mbebaji, oksijeni ikipungua, himoglobini huanza kushikana na kimelea hudumaa, na wengu huziondoa seli hizo mapema. Anayenufaika ni mbebaji. Mwenye SS hana bahati hiyo. Malaria kwake ni hatari kubwa, na chandarua si jambo la kujadili.

Nilipokuwa mdogo Mama alisema nina damu kali. Dada yetu alilazwa mara mbili kwa malaria kali, mimi hata mara moja. Siwezi kuapa kwamba sababu ni hiyo peke yake. Lakini inawezekana kabisa kwamba herufi iliyonilinda mimi ndiyo iliyomliza mdogo wangu usiku ule. Mimi nimepewa moja, yeye amepewa mbili. Siku hizi siwezi kuiita kosa kwa moyo mweupe kama zamani. Ni kiraka kilichoandikwa kwa ajili ya ziwa lenye mbu, na gharama yake wanalipa wengine.

Tiba ipo njiani, na baadhi imeshafika. Mtoto tumboni hutumia himoglobini nyingine, isiyo na mnyororo wa beta, ndiyo maana dalili huanza miezi kadhaa baada ya kuzaliwa. Dawa ya haidroksiyurea huiamsha tena kwa kiasi himoglobini hiyo ya kitoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, Kilifi ikiwa moja ya vituo vyake vinne barani Afrika, ulionyesha kwamba inawafaa na ni salama kwa watoto wa huku. Mdogo wangu anaitumia na vipindi vya maumivu vimepungua. Mwezi Desemba 2023 Marekani iliidhinisha Casgevy, tiba ya kuhariri jeni. Na mjue, hawakuisahihisha ile herufi! Walivunja swichi inayozima himoglobini ya kitoto. Hila ya kuzunguka tatizo, kama tunavyofanya Ijumaa jioni. Bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, kwa hiyo sisi tunaendelea na chupa ya maji.

Mwezi uliopita nilimkuta kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, Kondele. Nikamchorea yote nyuma ya katoni: shanga, kijishimo, kamba, mbio. Alinyamaza akiangalia.

"Kwa hivyo damu inashindana na hizi kamba?"

"Ndiyo."

"Na nikinywa maji najiongezea muda."

"Ndiyo."

"Sasa si ungeniambia hivyo badala ya kunitumia meseji?"

Nikamwomba msamaha kwa ile siku ya Dunga. Aliikumbuka. Akasema tayari alikuwa anaumwa tangu asubuhi na hakutaka wavulana wajue. Kisha akarudi kwenye simu ya mteja, na chupa ya lita mbili ikiwa kando ya kiwiko.

Ile programu nimeifuta. Nyinyi mnaopanga kuoa au kuolewa, hasa wenye asili ya kando ya ziwa au ya pwani, nendeni mkapimwe damu mapema. Siwaambii msioane. Nasema mjue sarafu mnazorusha.

Haya, hifadhidata wiki ijayo. Mkiwa na maswali niandikieni, na mkiona nimekosea popote kwenye biolojia nisahihisheni. Hata kama ni herufi moja.