Misahafu ya Wakfu Isiishie Guniani

Katika misikiti yetu mingi lipo kabati au gunia ambalo hakuna apendaye kulifungua. Humo hulimbikizwa misahafu iliyochanika, juzuu za watoto wa madrasa zisizo na majalada, na vitabu vya fiqhi vilivyoachana kurasa. Kila Ramadhani inapokaribia, sisi wa kamati huulizana: tuizike, tuichome, au tuiache ilivyo?

Mwaka huu jibu tulilipata kwenye maonesho ya vitabu ya matbaa ya chuo kikuu kimoja, tulikokwenda pamoja na vijana wa madrasa. Kando ya meza za vitabu vipya, fundi alikuwa akiwafundisha wageni kujalidi kwa mikono yao. Vijana wetu walikunja karatasi, wakazipachika moja ndani ya nyingine, wakatoboa mkunjo kwa msharasi, kisha wakapitisha uzi uliopakwa nta kutoka fungu hadi fungu.

Tulijifunza kwamba kitabu kilichoshonwa kikiachia mgongo huweza kushonwa upya, ilhali kilichobandikwa kwa gundi pekee hupukutika karatasi mojamoja. Tulijifunza pia kuwa selotepu, tunayoiona tiba, ni maradhi: gundi yake hugeuka njano na kuipenya karatasi. Kilicho salama ni gundi ya wanga wa ngano na kipande cha karatasi nyembamba, kwa kuwa gundi hiyo huweza kulainishwa kwa maji na kuondolewa.

Ujuzi huu si mgeni kwetu. Mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulisifika katika karne za 18 na 19 kwa misahafu iliyoandikwa kwa mkono na kwa kazi za ngozi. Majalada mengi ya kale ya Kiislamu yalikuwa na ulimi wa ngozi uliokunjwa kufunika ukingo wa kurasa, vumbi lisiingie. Wazee wetu hawakutenganisha elimu na utunzaji wa chombo chake.

Tuliporejea, mjumbe mmoja alihoji: misahafu mipya huletwa bure na wafadhili, ya nini kuhangaika na sindano? Hoja yake ilikuwa na uzito, nasi tuliijibu kwa kulifungua gunia. Ndani ya majalada tulikuta majina ya marehemu: huu umewekwa wakfu kwa ajili ya mama, huu kwa ajili ya mtoto. Aliyeuweka alikusudia usomwe, iwe sadaka yenye kuendelea. Ikiwa kilichoukwamisha ni uzi tu, nani ametupa ruhusa ya kuikata sadaka hiyo? Msahafu usiosomeka tena una hukumu yake, na wanazuoni wameeleza namna ya kuuhifadhi kwa heshima. Ule unaosomeka ungali amana mikononi mwetu.

Sasa kila Jumamosi baada ya Alasiri, vijana, wa kiume na wa kike, huketi madrasa wakishona. Zaidi ya nusu ya misahafu ya gunia la kwanza imerudi rafuni.

Tunawaomba wazazi wafanye hivyo majumbani. Msahafu ukianza kuachia, usibandikwe selotepu. Ufungwe kwa kitambaa safi, uhifadhiwe mahali pakavu, kisha upelekwe kwa mwenye kujua kushona. Na jina lililoandikwa ndani lisomwe mbele ya watoto, wajue ni nani wa kumwombea dua.